Mgombea mhafidhina anapoutaka ubunge wa jimbo la Texas: hatua zikoje? (Ni kwa uchaguzi wa mfano shuleni, Dodoma)

Mlezi_wa_Mdahalo

Wakuu, salaam. Nalea klabu ya mdahalo kwenye sekondari moja hapa Dodoma mjini, kidato cha tano na sita. Muhula huu tunafanya uchaguzi wa mfano: kiti kimoja cha Baraza la Wawakilishi la Texas, na mgombea tunayemfuatilia kwa karibu ni mhafidhina wa chama cha Republican. Wanafunzi wanalijua Bunge letu, liko hapa hapa na wengi wameshaingia ukumbini. Shida ni kwamba kila wakisikia bunge la Marekani wanafikiria Washington. Kwamba kila jimbo lina bunge lake, lenye spika wake na bajeti yake, hawana picha nalo kabisa.

Naomba msaada kwenye mambo haya. Mgombea anaanzia wapi, na nani anampitisha? Fedha zinasimamiwaje? Uhafidhina wake unaonekana kwenye nini hasa? Wanafunzi wanaandika "anapinga mabadiliko" halafu wanaweka nukta. Na je, zoezi lenyewe niliendesheje na wanafunzi 120? Naomba vitu vya uhakika, vyenye tarehe na viwango, nisije nikawafundisha watoto kwa kukisia.

---

Makole_Magharibi

Mwalimu, anza na ukubwa wa kiti, maana ndio unaoamua kila kitu kinachofuata.

Bunge la Texas lina mabaraza mawili. Baraza la Wawakilishi lina viti 150 vya miaka miwili miwili, na Seneti ina viti 31 vya miaka minne. Kwa sensa yao ya 2020 jimbo lilikuwa na watu 29,145,505, kwa hiyo mwakilishi mmoja anabeba watu kama 194,000. Sensa yetu ya 2022 iliipa Jiji la Dodoma watu 765,179. Maana yake jiji letu lingekuwa na wawakilishi wanne hivi kwa kipimo cha Texas. Seneta mmoja anabeba watu karibu 940,000, yaani zaidi ya jiji zima. Waandikie ubaoni hizo namba kabla hujataja sera yoyote. Kwenye zoezi lenu tumieni "jimbo" kwa Texas nzima na "wilaya" kwa eneo la mgombea, la sivyo mtachanganyana mpaka mwisho.

Sifa za mwakilishi: awe raia wa Marekani, awe na miaka 21 au zaidi, awe ameishi Texas miaka miwili kabla ya uchaguzi, na mwaka wa mwisho kati ya hiyo awe ameuishi ndani ya wilaya anayogombea. Seneta ni miaka 26 ya umri na miaka mitano ya kuishi jimboni. Uraia wa kuandikishwa unatosha, sharti la kuzaliwa raia ni la Rais na Makamu wake tu.

Mshahara ni dola 600 kwa mwezi, umeandikwa kwenye katiba ya jimbo, pamoja na posho ya siku za vikao. Bunge lenyewe linakaa mara moja kila baada ya miaka miwili, kuanzia Jumanne ya pili ya Januari ya mwaka usiogawanyika kwa mbili, kwa siku zisizozidi 140. Gavana anaweza kuita kikao maalumu cha siku zisizozidi 30. Kwa hiyo wabunge wengi wana kazi zao nyingine: mawakili, wafugaji, wafanyabiashara, wastaafu. Wahafidhina wa Texas wanaupenda mpangilio huu kwa dhati, wanaamini serikali inayokaa muda mfupi ina nafasi ndogo ya kuongeza kodi na sheria. Mwanafunzi wako anaweza kuanza utetezi wake hapo.

---

Binti_Kondoa

Naongezea kwenye hatua za kuingia kwenye karatasi ya kura, kwa sababu ndiko wagombea wapya wanakoangukia.

Kabla ya kupokea hata dola moja, au kutumia fedha yake mwenyewe, mgombea anajaza fomu ya kumteua mweka hazina wa kampeni na kuipeleka Tume ya Maadili ya Texas. Anaruhusiwa kujiteua mwenyewe. Akichapisha mabango kwanza halafu ndio akajaza fomu, tayari amevunja sheria.

Baada ya hapo anajaza maombi ya kuwekwa kwenye kura za maoni za chama. Maombi hayo yanaapwa mbele ya mtu mwenye mamlaka ya kuapisha, kama huku tunavyokwenda kwa kamishna wa viapo. Kama wilaya yake yote iko ndani ya kaunti moja, anayapeleka kwa mwenyekiti wa chama wa kaunti. Ikivuka kaunti mbili au zaidi, yanakwenda kwa mwenyekiti wa chama wa jimbo. Kwa mzunguko wa 2026 dirisha lilifungwa saa 12 jioni tarehe 8 Desemba 2025. Kura za maoni ni 3 Machi 2026, duru ya pili 26 Mei, uchaguzi mkuu 3 Novemba.

Ada ni dola 750 kwa Baraza la Wawakilishi na 1,250 kwa Seneti. Asiyetaka kulipa analeta saini 500 za wapiga kura walioandikishwa ndani ya wilaya yake. Hapo kwenye saini ndipo pa kuwafundishia watoto umakini. Kila mstari unataka saini, jina kwa herufi zinazosomeka, anuani ya makazi, tarehe ya kusaini, na tarehe ya kuzaliwa au namba ya kuandikishwa. Mtu hawezi kuwasainia wagombea wawili wa kiti kimoja. Na aliyekusanya saini anaapa, karatasi kwa karatasi, kwamba alishuhudia watu wakisaini. Kiapo kikikosekana, inakufa karatasi nzima na majina yote yaliyomo. Mistari mingine inaanguka kwa sababu mtu anaishi ng'ambo ya barabara, ambayo tayari ni wilaya nyingine. Anayehitaji 500 na akapeleka 510 anacheza na bahati. Mwenye busara anakusanya 700 au 750.

Wapo wanaolipa ada na bado wanakusanya saini, kwa sababu kila saini ni mlango uliogongwa na jina la mtu wa kumrudia Februari.

---

Mlezi_wa_Mdahalo

Asante sana dada. Swali la papo hapo: chama kinaweza kukata jina? Kwetu aliyeongoza kura za maoni anaweza asirudishwe, vikao vya juu ndivyo vyenye kauli ya mwisho. Wanafunzi watauliza hilo kabla sijamaliza sentensi.

---

Binti_Kondoa

Kwa sheria ya jimbo, kazi ya mwenyekiti ni kukagua fomu: imejazwa, imeapwa, ada ipo, sifa zinaonekana. Msimamo wa mgombea haumhusu. Aliyepata zaidi ya nusu ya kura za maoni ndiye mgombea wa chama, hata kama viongozi wote walikuwa upande wa mwenzake. Mpangilio wa majina kwenye karatasi unapatikana kwa kura ya bahati.

Hilo halijawafurahisha wote. Mwaka 2024 mkutano mkuu wa Republican wa Texas ulipitisha kanuni inayolenga kuwazuia wanachama waliokaripiwa rasmi wasigombee kwa tiketi ya chama kwa miaka miwili, na mvutano juu ya hilo umeendelea. Hiyo nayo ni hoja nzuri ya mdahalo: nani mwenye chama, viongozi au wapiga kura?

Na jambo la pili, Texas mpiga kura hajiandikishi kwa chama. Hakuna kadi. Siku ya kura za maoni anaamua mwenyewe anapigia chama kipi, ila akishapiga cha Republican hawezi kuhamia Democrat kwenye duru ya pili ya mwaka huo. Daftari linaonyesha alipigia chama gani (siyo alimpigia nani), na daftari hilo wagombea wanalipata. Kampeni zote zinajengwa juu ya orodha hiyo.

---

Mzee_wa_Mpwapwa

Mwalimu, nijibu la uhafidhina, maana nimesoma majibu ya juu na yote ni taratibu. Taratibu ni muhimu lakini mgombea anachaguliwa kwa mambo anayosimamia.

"Anapinga mabadiliko" ifute ubaoni leo. Mhafidhina wa Texas mara nyingi ndiye anayetaka kubadilisha, tena kwa haraka. Chukua mambo aliyokuwa akiyapigania miaka 15 iliyopita. Kubeba bastola bila kibali: sheria ilianza 1 Septemba 2021. Kupiga marufuku utoaji mimba: marufuku ya karibu kila hali ilianza Agosti 2022. Kodi ya mapato ya mtu binafsi: haikuwepo, na 2019 wapiga kura wakaipiga marufuku ndani ya katiba. Mengi ameshayapata. Warepublican wana viti 88 kati ya 150 baada ya uchaguzi wa 2024. Mgombea mpya akisimama leo na kusema "nitapinga utoaji mimba na kulinda silaha", wenzake watatu kwenye kura za maoni watasema hayo hayo, neno kwa neno. Anatofautianaje nao? Hapo ndipo mdahalo wako ulipo, na mimi naona ni matatu.

La kwanza, kodi ya majengo na ardhi. Huku kodi ya majengo ya nyumba ya kawaida tunaikatwa kwenye LUKU, kidogo kidogo, wengi hawakumbuki hata kama ipo. Texas mwenye nyumba anapokea bili ya maelfu ya dola kwa mwaka. Kwa vile hakuna kodi ya mapato, shule, kaunti na miji inaitegemea hiyo. Lakini zingatia: mbunge wa jimbo hapangi viwango vyake. Wanaopanga ni bodi za shule, kaunti na miji. Bunge linaweza kufanya mambo mawili makubwa. Kwanza, kuongeza kiasi cha thamani ya nyumba kisichotozwa kodi ya shule: wapiga kura walikipandisha hadi dola 100,000 mwaka 2023 na hadi 140,000 Novemba 2025, kwa mapendekezo yaliyopitishwa na bunge. Pili, kuweka kikomo: sheria ya 2019 iliamua kwamba kaunti au jiji likitaka mapato yake ya kodi hiyo yaongezeke zaidi ya asilimia 3.5 kwa mwaka, wapiga kura waulizwe. Kabla ya hapo kikomo kilikuwa asilimia 8. Kwa hiyo mgombea akisema "nitaifuta kodi ya nyumba", muulize fedha za mishahara ya walimu zitatoka wapi. Mhafidhina aliyejiandaa ana jibu: ziada ya bajeti ya jimbo itumike kushusha viwango vya shule mwaka hadi mwaka. Asiyejiandaa anarudia kaulimbiu.

La pili, fedha za umma kumfuata mtoto hadi shule binafsi. Hapa wahafidhina wenyewe waligawanyika, na wanafunzi wako wakielewa kwa nini, watakuwa wameelewa siasa za Texas. Novemba 2023 Warepublican 21 waliungana na Democrat kuondoa mpango huo kwenye muswada, kura 84 kwa 63. Wengi wao walitoka wilaya za mashambani. Huko shule binafsi ni adimu au haipo kabisa, na shule ya umma ndiyo mwajiri mkubwa, ndiyo uwanja wa mpira wa Ijumaa usiku, ndiyo inayokusanya kijiji. Mwakilishi wa huko aliona kulinda shule ya umma ndio kuhifadhi. Mwenzake wa vitongoji vya Dallas akaona haki ya mzazi kuchagua ndiyo ya kuhifadhi. Wote wawili wanajiita wahafidhina na wote wana hoja. Gavana Greg Abbott akaingia mwenyewe kwenye kura za maoni za 2024 kuwaunga mkono wapinzani wa wabunge wa chama chake waliokataa mpango, na kadhaa wakaanguka. Mei 2025 akatia saini sheria, dola bilioni moja kwa kuanzia.

La tatu, nani awe spika na anaongozaje. Januari 2025 Dustin Burrows alichaguliwa kwa kura 85 dhidi ya 55 za David Cook, wote Republican, na Burrows alibebwa na mchanganyiko wa Warepublican na Democrat. Mhafidhina mkali anaona huo ni usaliti: mna viti 88, kwa nini mtegemee wapinzani? Mhafidhina wa taratibu anajibu kwamba spika ni wa baraza zima, na kwamba desturi hiyo ndiyo iliyolifanya bunge lao lipitishe bajeti kwa wakati. Baadaye kanuni zikabadilishwa ili uenyekiti wa kamati za kudumu uende kwa chama chenye wingi peke yake.

Ongezea maji, kwa sisi watu wa kati tutaelewana haraka. Novemba 2025 wapiga kura wa Texas walikubali hadi dola bilioni moja kwa mwaka ya kodi ya mauzo iende kwenye miradi ya maji, kwa miaka 20 kuanzia 2027. Mhafidhina wa fedha anauliza kwa nini mapato yafungwe kwenye katiba miaka yote hiyo wakati bajeti inatakiwa kuamuliwa kila miaka miwili. Mhafidhina mfugaji wa Texas Magharibi anauliza ng'ombe watakunywa nini. Waache wanafunzi wavutane hapo, ni swali la kweli na halina mshindi rahisi.

---

Nala_Junction

Mzee wangu umemaliza. Mimi nina la fedha tu.

Texas haina kikomo cha mchango wa mtu binafsi kwa mgombea wa bunge la jimbo. Tajiri mmoja anaweza kutoa dola laki tano na ni halali, mradi zitangazwe. Makampuni na vyama vya wafanyakazi haviruhusiwi kumchangia mgombea moja kwa moja. Kikomo cha matumizi nacho hakipo, tofauti na huku ambako Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inaweka viwango na taarifa zinakwenda kwa Msajili wa Vyama vya Siasa.

Kinachobana ni taarifa. Kila 15 Januari na 15 Julai, halafu siku 30 kabla ya uchaguzi, halafu siku 8 kabla. Hiyo ya siku 8 ndiyo yenye meno: ukichelewa ni faini ya dola 500 kwa siku ya kwanza na 100 kwa kila siku inayofuata, hadi 10,000. Kampeni ndogo inanaswa hapo kwa sababu mweka hazina naye yuko mitaani anagonga milango, risiti ziko kwenye bahasha tatu tofauti. Kwenye zoezi lenu mteueni mwanafunzi mmoja awe mweka hazina na asifanye kazi nyingine yoyote.

Jambo lingine linalomfaa mgombea mpya: mbunge aliyeko madarakani haruhusiwi kupokea michango kuanzia siku 30 kabla ya kikao cha kawaida hadi siku 20 baada ya kuahirishwa. Anayempinga, kama si mwenye cheo cha jimbo, hajafungwa. Kwa hiyo nusu ya kwanza ya mwaka wa kikao, mpinzani anachangisha na mwenye kiti anatazama.

Na bango. Mwambie mwanafunzi anayechora mabango asome hili vizuri. Mgombea ambaye hana kiti hicho lazima aweke neno "for" kabla ya jina la cheo, na urefu wa herufi zake usipungue nusu ya herufi za cheo chenyewe, ili mtu asidhani tayari ni mbunge. Chini lazima aseme nani amelipia. Na bango la kusimikwa linabeba onyo lililochapishwa kwamba ni kosa kuliweka ndani ya hifadhi ya barabara kuu. Bango zuri lisilo na maneno hayo ni malalamiko kwenye Tume ya Maadili.

---

Makole_Magharibi

Sasa hesabu ya ushindi, naona hakuna aliyeigusa.

Kura za maoni za Republican za Machi 2024 zilipigwa na watu karibu milioni 2.3, kati ya walioandikishwa karibu milioni 18. Gawanya kwa wilaya 150, unapata kama 15,300 kwa wilaya. Ni wastani tu, kwenye ngome ya wahafidhina wanakuwa wengi zaidi na katikati ya Houston wachache. Nusu na moja ya wastani huo haifiki 7,700. Watu 194,000 wanapata mwakilishi kwa kura 7,700! Kwenye wilaya ambazo Democrat hana nafasi, na ni nyingi, uchaguzi wa Novemba ni kukamilisha tu kilichoamuliwa Machi.

Kwa hiyo mgombea hahangaiki na watu 194,000. Anachukua daftari, anachuja waliopiga kura za maoni za Republican mara mbili au zaidi kwenye mizunguko ya karibuni, anaanza nao. Tuseme wako kwenye nyumba 10,000. Mtu mmoja wa kujitolea anagonga milango kama 15 kwa saa, ikiwemo isiyofunguliwa. Hiyo ni saa 667 za kazi. Ukiwa na watu 12 wanaotembea saa tatu kila Jumamosi, ni saa 36 kwa wiki, yaani Jumamosi 19. Upigaji wa mapema kwa 2026 ni 17 hadi 27 Februari. Rudi nyuma wiki 19 kutoka 17 Februari: unatakiwa uwe barabarani mwanzoni mwa Oktoba. Na hapo hujatoa Krismasi, wala Ijumaa na Jumamosi za mpira ambapo hakuna anayekufungulia mlango. Anayesubiri dirisha la maombi lifungwe Desemba ndio aanze kutembea, nyumba nyingi hatazifikia.

Duru ya pili ina hesabu yake. Asipopatikana mwenye zaidi ya nusu, wawili wa juu wanarudi Mei, na waliorudi kupiga mara nyingi ni wachache kuliko wa Machi. Mfano mkubwa ni Wilaya ya 21, eneo la Beaumont, 2024. Spika wa wakati huo, Dade Phelan, alishika nafasi ya pili Machi nyuma ya David Covey aliyeungwa mkono na Donald Trump. Mei Phelan akashinda kwa tofauti isiyofika kura 400. Aliyeongoza duru ya kwanza asilale.

---

Mlezi_wa_Mdahalo

Hii imezidi nilichotarajia, Mungu awabariki. Sasa nina wanafunzi 120, wiki nne, na ukumbi wa bwalo. Niwagawe vipi? Na mgombea binafsi nimuweke au nimuache?

---

Binti_Kondoa

Mgombea binafsi Texas yupo kisheria, tofauti na kwetu ambako lazima udhaminiwe na chama. Anatangaza nia ndani ya dirisha lile lile la Desemba, halafu anasubiri. Kiti cha wilaya kinamtaka saini 500, au asilimia 5 ya kura za ugavana zilizopigwa kwenye wilaya hiyo uchaguzi uliopita, ile iliyo ndogo. Waliopiga kura za maoni za chama chochote mwaka huo hawaruhusiwi kumsainia. Unaona ugumu wake: wanaopenda siasa kiasi cha kusaini karatasi ndio hao hao waliokwishapiga Machi. Muweke, mpe mwanafunzi mvumilivu.

Kuhusu mgawanyo, mimi ningefanya hivi. Wanafunzi 65 wawe wapiga kura za maoni za Republican, 30 za Democrat, 25 wasipige kabisa Machi na wajitokeze Novemba tu. Hao 25 ndio hazina ya mgombea binafsi. Republican wawe na wagombea watatu, wote wahafidhina ila wa aina tofauti alizozieleza Mzee wa Mpwapwa: wa mashambani anayelinda shule ya umma, wa vitongoji anayetaka fedha za umma zimfuate mtoto hadi shule binafsi, na wa tatu ambaye ajenda yake ni spika na kodi. Ukiweka wawili tu hutapata duru ya pili, na bila duru ya pili somo limepotea nusu.

Kila mpiga kura mpe kadi yenye maisha yake: mfugaji mwenye ekari nyingi na bili kubwa ya kodi, mwalimu wa shule ya umma, mzee wa miaka 70 mwenye nyumba aliyomaliza kuilipia, mfanyakazi wa visima vya mafuta Midland, mama anayesomesha watoto nyumbani. Apige kura kwa kufuata kadi, siyo kwa urafiki. Usipofanya hivyo atashinda anayependwa bwenini.

Wiki ya kwanza: maombi na saini. Mtake kila mgombea saini 12 halali, kwenye fomu yenye nafasi zote nilizotaja juu, na mkusanyaji aape mbele yako. Halafu wapinzani wake wakague karatasi kwa daftari la darasa. Usiwaonye mapema kuhusu kiapo. Fomu itakayorudi bila kiapo itafundisha kuliko maelezo yako ya dakika arobaini.

Wiki ya pili kura za maoni, ya tatu duru ya pili, ya nne uchaguzi mkuu. Waliopiga Democrat wiki ya pili hawaingii duru ya pili ya Republican. Ambao hawakupiga kabisa wanaweza kuingia, na mgombea mwerevu atawafuata. Mstari wa futi 100, kama mita 30, uchorwe kwa chokaa kutoka mlango wa bwalo: ndani yake hakuna kampeni, hakuna fulana ya mgombea wala simu mkononi.

---

Mzee_wa_Mpwapwa

Ongeza siku moja baada ya kura, mwalimu. Mshindi apewe kalenda ya siku 140. Muswada wa kawaida mwisho wa kuwasilishwa ni siku ya 60, na siku 60 za mwanzo baraza halipitishi miswada ya kawaida isipokuwa ile ambayo gavana ameitangaza ya dharura, au kwa kura ya nne kwa tano. Halafu mwanafunzi asimame na ahadi zake za kampeni aonyeshe kila moja inaingia siku gani, kamati gani, na anahitaji kura 76 za nani. Aliyeahidi "mwezi wa kwanza nafuta kodi" aeleze hapo hapo mbele ya waliomchagua.

Na rangi za fulana tumieni nyekundu na buluu za kwao, bila bendera wala alama ya chama chochote cha hapa. Mkuu wa shule ajulishwe kwa maandishi kabla ya wiki ya kwanza, mkiambatanisha ratiba na karatasi ya kura ya mfano.